Kabla Hujatia Sahihi Kitabu cha Lindo

Binti yangu,

Salamu kutoka hapa Kakamega. Mamako amenipa habari kwamba umeanza mafunzo ya usoja, yaani ulinzi, huko Kisumu. Gwaride na saluti utavizoea, sina neno navyo. Makaratasi ndiyo usiyalaze. Cheti cha tabia njema unalipia shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24 ya alama za vidole mbele na nyuma kwenye karatasi moja, halafu unaenda kupigwa alama hizo. Nenda na mikono safi, isiyo na malengelenge ya jembe, alama zisije zikatoka hafifu. Na mtu akikuitisha pesa ya "kukuwekea nafasi" kampuni fulani, achana naye.

Ninalotaka ulishike kuliko yote ni kitabu cha lindo, hicho mnachoita OB (Occurrence Book), cha kuandikia matukio ya zamu. Mali ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni soja, na maneno yake ya mdomo hayana uzito. Andika jambo dakika ile ile limetokea, si alfajiri ukijikumbusha. Saa iandikwe kwa tarakimu nne. Ukiandika "saa nane usiku", yuko msimamizi atakayeisoma nane ya Kizungu, na hapo saa sita nzima zimepotea. Andika hivi: "0215, taa ya ukuta wa nyuma imezima. 0217, nimempigia msimamizi, amesema fundi atakuja asubuhi." Umeona? Mzigo wa taa hiyo umeshautua kwake. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, kisha tia sahihi kando. Usifute, usichane ukurasa, wala usiruke mstari: nafasi tupu mtu ataijaza baadaye kwa jina lako.

"Hakuna tukio" ni maneno ya aliyelala. Hata usiku mtulivu una raundi, basi andika ulikopita na ulichokikuta. Raundi zenyewe usizipange kwa saa zile zile, mwizi naye anahesabu. Leo anzia stoo, kesho uani.

Wakati wa kupokezana zamu, kufuli livute kwa mkono, usilitazame tu. Mengine huonekana yamefungwa kumbe ulimi haukuingia. Hesabu funguo moja moja. Angalia mshale wa kizima moto uko kwenye kijani. Kitu kikikosekana kiandike kabla ya sahihi yako, maana ukishasaini umekipokea. Mwenzako atasema "nitaleta kesho." Mwache aseme, wewe andika.

Getini, gari linalotoka lina kazi kuliko linaloingia. Simama upande wa dereva, kamwe si mbele ya boneti, na uhesabu mzigo kwa hati kabla geti halijafunguka. Wanawake utawapekua wewe, si soja wa kiume. Ndiyo maana wewe na mwenzako hampaswi kuondoka lindoni wote wawili kwenda chai.

Ukimshika mtu akiiba, sheria inataka umkabidhi polisi bila kuchelewa. Rungu si la kumwadhibu. Ukimpiga aliyekwisha kutulia, kesi inageuka kuwa yako.

Nunua kalamu mbili za wino, penseli hapana, na karatasi ya nailoni ya kufungia kitabu. Mvua ya Kisumu hupenda kuja jioni, wakati huo huo wa kupokezana zamu.

Babako