Risala ya Wazazi wa Wodi ya Walioungua kwa Mgeni Rasmi, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, wazazi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Kikundi chetu kilianzishwa na kinamama waliokutana kwenye benchi la wodi hii, na tangu hapo kimepiga hatua kubwa mno: tumeshona mapazia, tumenunua birika la umeme, na akaunti benki tunayo. Historia iliyobaki imo kwenye faili.

Mheshimiwa, baridi yetu ya Juni na Julai unaijua. Jiko la mkaa linaingizwa ndani, sufuria ya maji ya kuoga iko chini, mtoto anatambaa. Kuungua ni mara moja. Kusafishwa kidonda ni wiki na wiki. Gozi, yaani kitambaa cha kufungia kidonda, likigandia, nesi hulilowesha kwa maji ya chumvi na kulibandua taratibu. Watoto wetu wanaanza kulia wakisikia tu magurudumu ya toroli koridoni.

Dawa za maumivu wanapewa, tunashukuru. Lakini huko Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza tangu miaka ya 1990 kuwavalisha walioungua miwani ya uhalisia pepe, yenye skrini inayofunika macho, wakati wa kusafishwa. Mgonjwa anajiona yuko kwenye bonde la barafu, anawarushia pengwini mabonge ya theluji. Maumivu nayo yanataka akili iyashughulikie; akili ikiwa kwa pengwini, makali yanapungua. (Sisi wa Uyole wangetuwekea ufukwe wa Matema tungeshukuru zaidi.) Miwani haiondoi dawa, na mwenye kifafa havalishwi mpaka daktari aamue.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi miwani hiyo kabla ya Pasaka. Pasaka zimeshapita mbili. Hatumlaumu, majukumu ni mengi. Wa mwaka jana aliongezea na televisheni, tukapigilia misumari ukutani siku ileile. Ukigeuka kushoto, Mheshimiwa, misumari utaiona.

Tunaomba seti mbili, programu ziwe zimeshapakuliwa humo humo maana intaneti ya wodini ni ya kubahatisha, pamoja na vifuniko vya uso vya kubadilisha, ili mtoto asimwambukize mwenzake. Ankara imeambatanishwa. Wakati wa chakula Katibu wetu atakaa karibu nawe, kalamu anayo.

Tunaomba kuwasilisha.