Malalamiko kuhusu tangi la upanuzi lisilopimwa na valvu ya usalama iliyozibwa

Forest Mpya,
Mbeya.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MFUMO WA MAJI YA MOTO ULIOFUNGWA BILA KUPIMWA PRESHA

Mimi ni mteja wenu. Mlinifungia nyumbani hita ya maji ya lita 200, pampu ya presha na tangi dogo la upanuzi, nami nikalipa fedha yote kabla fundi hajaondoka. Baadaye valvu ya usalama, ile inayotoa maji presha ikizidi, ilianza kudondosha maji. Nikatoa taarifa, mkamtuma fundi mwingine, naye akaziba mdomo wa valvu ile kwa plagi ya chuma, akaniambia tatizo limekwisha. Kwa kitendo hicho aliondoa kinga ya mwisho iliyokuwapo kati ya familia yangu na tangi linaloweza kupasuka. Naomba barua hii isomwe kwa uzito huo.

Mnaijua Mbeya ya Juni na Julai. Maji ya simtanki asubuhi yanauma vidole, na hita ina kazi kubwa kuyafikisha nyuzi 60. Maji yakipanda kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.7. Kwa hita ya lita 200 hiyo ni zaidi ya lita 3 zinazotafuta pa kwenda. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini hazisumbuliwi na jambo hili, kwa sababu maji hushuka yenyewe kutoka simtanki, na yakitanuka hurudi huko huko juu au hutokea kwenye bomba la pumzi. Kwangu mmeweka pampu yenye chekivalvu, yaani valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, kwa hiyo njia ya kurudi imefungwa. Ndiyo maana mkaongeza tangi la upanuzi, na hapo nawaunga mkono. Ndani yake mna utando wa mpira, upande mmoja maji, upande wa pili upepo. Maji yakitanuka yanausukuma utando, upepo unabanwa, presha haipandi sana.

Lakini upepo huo lazima ulinganishwe na presha ya maji baridi ya nyumba husika, na fundi wenu hakufanya hivyo. Nilimwita fundi bomba wa mtaani kwetu, kijana makini sana. Alizima umeme, akafunga maji, akamwaga mpaka upande wa maji ukabaki bila presha yoyote, kwa sababu bila kufanya hivyo kipimo kinadanganya. Ndipo akachomeka geji ya upepo, ile ile ya kupimia tairi, kwenye valvu ya tangi. Ilisoma psi 22, yaani bar 1.5, sawa kabisa na ilivyoandikwa kwenye lebo ya kiwandani. Pampu yenu mmeiweka bar 3.

Maana yake ni kwamba hata kabla hita haijawashwa, maji baridi yalikwishaingia karibu lita 3 ndani ya tangi ambalo lote ni la lita 8. Zikija lita nyingine 3 za kutanuka, nafasi haitoshi, presha inafika bar 6, na valvu ya usalama inafunguka kama ilivyokusudiwa. Valvu ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi iliyopaswa kufanywa na tangi.

Haya yote yangeonekana mapema kama mngefunga geji ya kuonyesha presha ya maji. Hamkufunga hata moja kwenye mfumo mzima, na ni kifaa cha bei ndogo mno ukilinganisha na nilicholipa. Fundi wangu alitoa plagi, akafunga geji, na sasa nasoma mwenyewe: asubuhi kabla ya kuwasha hita ni bar 3, hita ikijizima mshale unagusa 6 na valvu inadondosha. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu mabomba angeuona mshale huo na kuwapigia simu. Mteja asiye na geji ana dalili moja tu ya kumwonya, nayo ni lile tone la maji mliloliziba.

Kuhusu plagi sitapunguza maneno. Themostati, yaani kifaa kinachozima hita maji yakishapata joto, ikikwama, maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Siku tangi likipasuka, presha inashuka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na lita 1 ya maji ikiwa mvuke huchukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Hita yangu iko nyuma ya ukuta wa bafu. Hapo wanaoga wanangu, na hapo anaoga mama yangu mzee alfajiri. Nilipouliza ofisini kwenu ni nani aliyeruhusu jambo hili, niliambiwa kwamba ndivyo mnavyofanya kwa wateja wanaolalamikia kuvuja. Jibu hilo limenikosesha usingizi kuliko hita yenyewe.

Ninachotaka ni hiki. Leteni tangi la upanuzi lisilopungua lita 18, lijazwe upepo bar 3 kabla ya kufungulia maji. Kwa hesabu tuliyopiga, presha itabaki chini ya bar 4 hita ikijizima. Lile la lita 8, hata likijazwa upepo sawasawa, lingefika karibu bar 6, kwa hiyo lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza. Bomba la valvu ya usalama lielekezwe nje, literemke, mdomo wake ubaki wazi, na pasiwekwe koki yoyote juu yake. Gharama za geji na za fundi niliyemwita mnirudishie, risiti nimeambatisha. Kisha mnipe karatasi yenye presha zilizopimwa siku ya kufunga, na mje kupima upepo wa tangi kila mwaka, kwa sababu upepo huo hupungua taratibu na mpira huchakaa. Valvu ya upepo ikibonyezwa yakatoka maji, mpira umepasuka na tangi linabadilishwa.

Nasubiri kazi hiyo ndani ya siku 14. Msipoifanya, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda pia mlaji.

Lakini kuna jambo lisiloweza kusubiri siku 14. Kama mafundi wenu wameziba valvu katika nyumba nyingine, iwe hapa Mbeya, Iringa, au kule Njombe ambako baridi ni kali zaidi, wenye nyumba hizo waambiwe leo wazime hita zao mpaka plagi zitolewe. Majina na namba zao mnazo ninyi peke yenu. Anzeni kuwapigia wao, mimi mtanijibu baadaye.

Mteja wenu,
Forest Mpya, Mbeya.

Viambatisho: risiti ya malipo ya mfumo, risiti ya geji na ya fundi, picha za plagi na za lebo ya tangi.