Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: seva, ada, na ile Jumamosi ya Agosti

Wanachama wenzangu wa chama hiki cha seva ya pamoja, ile kompyuta inayobeba mifumo ya biashara zetu, hamjambo. Nawatumia hii taarifa mapema kabla ya mkutano mkuu juu najua ukumbini watakuja watu kumi na wengine wote watauliza kwenye grupu usiku "mwenyekiti alisemaje". Amesema hivi.

Kazi za kawaida mnazijua, sitakaa hapo. Apdeti tulifanya kila mwezi, na tulishikilia ule utaratibu wetu wa kungoja wiki nzima baada ya Microsoft kutoa zao Jumanne ya pili, tuone kwanza nani ataumia, maana hakuna aliyesahau Julai 19, 2024 venye apdeti moja ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilikwamisha mashine kama milioni 8.5 za Windows duniani. Wiki ya mwisho ya Juni hatukugusa kitu juu watu walikuwa wanakimbizana na ritani za KRA za tarehe 30. Windows 10 iliachwa na Microsoft wenyewe Oktoba 14, tumehamisha mashine 11, zimebaki mbili na mwenye hizo mbili anajijua. Vyeti vya usalama wa tovuti vyote vilirefushwa kwa wakati isipokuwa kimoja kilichoisha Sikukuu ya Jamhuri, nikakirudisha mimi kwa simu nikiwa kwa wakwe, sahani ya pilau imekaa hapo inapoa. Hiyo hakuna mtu aliitaja kwenye grupu. Sawa tu.

Sasa tuingie kwa ile maneno.

Jumamosi ile ya Agosti mimi ndiye niliamua seva kubwa izimwe tujaribu kurudisha bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, kwenye seva ya pili. Kalenda ilisema masaa mawili, ikawa masaa saba, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Tangu siku hiyo nimeitwa majina, na kuna mwanachama aliandika ati mwenyekiti "anachezea mkate wa watu". Naomba mniskize mpaka mwisho halafu mnihukumu.

Kila asubuhi tulikuwa tunapata ujumbe wa kijani: bekapu imekamilika. Kijani Januari, kijani Mei, kijani Agosti. Tulipozima na kufungua faili ya usiku uliopita tukakuta ina baiti 20. Si megabaiti, ni baiti, ishirini. Faili za Februari zilikuwa karibu megabaiti 900. Tukarudi nyuma, ya Julai baiti 20, ya Juni baiti 20, mpaka Machi. Shida ilikuwa hivi: skripti, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, inatoa data yote kwenye databesi na kuimimina kwenye programu ya kufinya faili, gzip, na mwishoni inayoulizwa kama kazi imeenda sawa ni ile ya kufinya peke yake. Sehemu ya kutoa data ilikuwa inakataliwa mlangoni juu ina paswadi ya zamani, haitoi kitu, ile ya kufinya inapokea hewa, inafinya hewa, inasema nimemaliza, na sisi tunapata kijani chetu na chai. Hewa iliyofinywa vizuri ni baiti 20, mkitaka jaribuni wenyewe leo jioni.

Na paswadi nani alibadilisha Machi? Mimi. Nalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Lakini lilikuwa azimio la mkutano wa Februari, na waliosimama kusema "ibadilishwe leo leo" ndio hao hao walionipigia Agosti kwa sauti ile. Hakuna aliyeniuliza kama skripti nayo inajua paswadi mpya. Hata mimi sikujiuliza, sawa, lakini nilikuwa peke yangu.

Hayo masaa matano ya ziada pia mnifahamu. Ile seva ilikuwa haijazimwa tangu stima ipotee Aprili, na kuna watu walikuwa wanajivunia hiyo. Diski ikizunguka muda wote huo bila kupumzika ni kama mzee aliyekaa kwa kigoda kutwa, ukimwinua ghafla magoti yanakataa. Tulipoona bekapu ni hewa tukasema basi turudishe seva kubwa haraka, kuwasha, diski moja kati ya nne haikuamka. Ingeweza kwenda na tatu, maana zinashikiliana data, najua, mmenieleza mara nyingi. Lakini fundi alikataa kuifungulia watu kabla diski mpya haijajazwa na nikamuunga mkono, juu diski ya pili ikianguka hapo katikati tunarudi wapi? Kwa baiti 20? Diski ikaletwa na bodaboda kutoka Moi Avenue, nauli nikalipa kwa Mpesa yangu mwenyewe, risiti iko kwa mweka hazina na bado sijarudishiwa.

Wanaosema tungejaribu bekapu kwenye mashine ya kando bila kuzima kitu wako sawa, na tangu Septemba tunafanya hivyo kila mwezi na tunaangalia ukubwa wa faili, si rangi. Lakini tulikuwa tunataka pia kujua kama seva ya pili inabeba mzigo, na hilo hulijui bila kuondoa ya kwanza. Wanaosema hawakuambiwa, tangazo liliwekwa Alhamisi asubuhi na limesomwa na watu 41. Mwenzetu wa duka la vifaa Industrial Area aliandika risiti kwa mkono siku nzima na karatasi ya kaboni, huyo nilimwendea mwenyewe nikamwomba msamaha. Wengine wenye kelele zaidi biashara zao hufunga Jumamosi.

Na si sisi wa kwanza. Januari 31, 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, walifuta databesi kwa bahati mbaya wakagundua njia zao tano za bekapu hakuna hata moja ya kutegemea, wakapoteza data ya kama masaa 6. Wao waligundua baada ya kufuta. Sisi tuligundua kabla, na hatukupoteza hata ankara moja.

Kuna aliyekumbusha ahadi yetu kwamba seva itakuwa hewani asilimia 99.9 ya mwaka. Hiyo inaruhusu masaa 8 na dakika 45 hivi za kulala kwa mwaka mzima. Jumamosi ile ilikula 7, na Aprili stima ilipotea, UPS, ile betri ya akiba, ikaisha tukalala masaa 3. Jumla 10, yaani 99.89. Hiyo Aprili ingeepukika kama jenereta ingekuwa na dizeli, na dizeli inanunuliwa kwa ada, kwa hivyo tuje kwa ada.

Wanachama 64, ada 3,000, ingekuwa 192,000. Waliolipa yote 23, nusu 14, wengine 27 hawajatoa hata mia. Imeingia 90,000. Diski mbili 38,000, seva ya pili na majina ya tovuti 26,400, chai na ukumbi 11,200, imebaki 14,400, na hapo bado deni langu la bodaboda. Katika hao 27 kuna tisa ambao mifumo ya wateja wao iko kwa seva yetu sasa hivi unaposoma. Sitaji mtu. Mahudhurio nayo, mikutano 12 tulifanya 9, mitatu haikutimiza watu 15. Juni niliagiza mandazi 40 tukawa watu wanne na askari wa geti.

Mwaka wa 2026 tunatumaini kupata UPS kubwa kidogo, Mungu akipenda, na mtu wa zamu ya usiku asiye mimi. Vyeti pia vinafupishwa maisha, kuanzia Machi 15, 2026 ni siku 200 mwisho, 2027 siku 100, 2029 siku 47, kwa hivyo tutaangalia mambo ya otomatiki, kamati itaundwa. Zoezi la kuzima seva litarudiwa, tarehe tutakubaliana, na nikiwa bado mwenyekiti nitalisimamia mimi.

Anayekuja mkutano amwambie katibu kabla ya Alhamisi, mandazi sitaagiza tena kwa kubahatisha.