Fundi wa mashine ya hewa, pima kwanza

Mhariri, hapa Nairobi kuna nyumba zinajengwa na madirisha yamebana kabisa juu ya kelele na vumbi ya barabara, alafu wanaweka ile mashine ya kubadilisha hewa yenye feni mbili, moja inatoa hewa chafu ingine inaingiza safi, hizo hewa mbili zinapitana ndani bila kuchanganyika ndio ya nje ipate joto ya ile inayotoka. Kwa baridi ya Julai inasaidia sana. Lakini mafundi jameni! Wengine wanafunga mabomba wanaenda, hawapimi kama hewa inayoingia ni sawa na inayotoka, na kale kabomba ka kutoa maji ya mvuke hakana mteremko, maji yanarudi yanadondoka kwa silingi.

Hewa ikipungua angalia filta kwanza, vumbi yetu inaziba haraka. Na tundu la kuvuta hewa lisikae karibu na paking ama na lile la kutolea, mtavuta moshi ya magari hadi kwa kitanda ya mtoto. Jiko la makaa nalo likae nje, hii mashine haikuokoi. Kanjo, yaani watu wa kaunti, wakague hizi kazi kabla watu wahamie.

Mpangaji, Kilimani