Kwa Nini Jedwali la Anwani Tunalihesabia Siku Tatu

Kwenye makadirio yetu ya mfumo wa oda kuna mstari mmoja unaozua maneno kila mara: "Jedwali la anwani za nje, siku tatu." Safari hii mteja wa hapa Tanga mjini, anayeuza mikoba ya mkonge ng'ambo, ametuambia waziwazi kwamba tunampiga. Mpwa wake kaweka kolamu moja, kaiita Anwani, dakika kumi kazi imekwisha. Haya, tueleze siku tatu zinakwenda wapi.

Kolamu moja inameza chochote. Kazi ni kuitapisha. Siku ukitaka kujua oda ngapi zimekwenda Ujerumani, utakuta nchi imeandikwa Ujerumani, Germany, Deutschland, au haikuandikwa kabisa kwa kuwa mnunuzi aliona jina la mji latosha.

Wengine wanakimbilia kinyume chake: wanachukua fomu ya kwetu yenye Mkoa, Wilaya, Kata na Postikodi, zote za lazima, wanaitupia dunia nzima. Mnunuzi wa Dubai hana postikodi, kwani Falme za Kiarabu hazina. Kule barua inakwenda kwa S.L.P. Ukimlazimisha ataandika 00000 apate kupita, na kwenye Kata ataweka "xxx". Muuzaji mmoja wa viungo wa Muheza alikuwa anabandika stika za namna hiyo kwenye katoni za iliki, "xxx" na kila kitu. Hong Kong nayo haina postikodi. Ireland imeanzisha zake mwaka 2015 tu. Kwa hiyo kolamu ya postikodi inaruhusiwa kubaki tupu, na ulazima unapangwa kwa kila nchi peke yake.

Jedwali tunalojenga siku ya kwanza lina jina la mpokeaji, kampuni, mistari mitatu ya anwani, mji, jimbo, postikodi, nchi na simu. Mistari tunaipa herufi 100 kila mmoja, postikodi 16, nchi herufi 2 kamili. Za lazima ni jina, mstari wa kwanza na nchi, basi. Hata mji si lazima: Singapore ni mji na nchi kwa pamoja.

Namba ya nyumba hatuitengi na mtaa, japo wateja wengi huiomba wakidhani ndiyo unadhifu. Mjerumani anaiweka baada ya jina la mtaa, Mwingereza kabla. Ufaransa utakutana na "14 bis". Queens, New York, namba ya nyumba ina kistari katikati, mfano 37-52, na ukiiweka kwenye kolamu ya tarakimu mfumo utaikataa. Namba za nyumba hakuna atakayezijumlisha, basi mwache mnunuzi aandike mstari wake kama anavyouandika kwao. Anayeusoma ni tarishi wa kule.

Postikodi ndipo fedha inapopotelea. Lazima iwe maandishi, hata pale inapoonekana tarakimu tupu. Postikodi moja ya Boston ni 02108. Ihifadhi kama namba, sifuri ya mbele inadondoka, inabaki 2108. Utasema basi tuirudishe, Marekani ni tarakimu tano. Sawa, kama nchi imeandikwa. Isipoandikwa, 2108 ni postikodi halali ya New South Wales, maana Australia wanatumia tarakimu nne. Na Australia nako 0800 ya Darwin inageuka 800, yenye sura ya Oman, ambako postikodi ni tarakimu tatu. Hapo hakuna programu ya kukuokoa. Mtu anakaa na faili la oda za zamani, anasoma moja moja, anawaandikia wanunuzi. Uingereza na Canada zina herufi ndani, kwa hiyo huko mpwa wetu angegundua kosa siku ya kwanza.

Nchi haiandikwi kwa mkono, inachaguliwa kwenye orodha, na kinachohifadhiwa ni msimbo wa herufi mbili wa ISO 3166, orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi. Uingereza ni GB, si UK. Austria AT, Australia AU. Congo ya Kinshasa CD, ya Brazzaville CG. Swaziland ilipojiita Eswatini mwaka 2018, SZ ilibaki ileile. Tulibadilisha jina kwenye orodha tu, rekodi za anwani hazikuguswa.

Siku ya pili yote inakwenda kwenye jedwali la taratibu za nchi, ambalo mteja halioni na ndiyo maana halithamini. Linasema kwa kila nchi postikodi ni lazima au la, ina umbo gani, na stika ipangwe vipi. Ujerumani postikodi inatangulia mji kwenye mstari mmoja. Uingereza inakaa mstari wake, chini ya mji. Marekani ni mji, koma, jimbo, kisha postikodi. Japani, ikiandikwa kwa herufi zao, inaanza na kubwa kuishia na dogo: mkoa kabla ya mtaa, jina la mpokeaji mwisho. Kwa herufi za kilatini inageuka. Nchi inakaa mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, kote.

Siku ya tatu ni kujaribu. Tunaingiza Łódź ya Poland na kuchapa stika. Hifadhidata iliyowekwa latin1, mpangilio wa herufi za Ulaya Magharibi tu, itatoa "?ód?", na alama hizo za kuuliza zikishahifadhiwa, herufi za asili hazirudi tena. Kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, tunaweka utf8mb4, mpangilio unaobeba herufi za lugha zote, si ile utf8 ya zamani inayoishia baiti tatu kwa herufi.

Oda nayo inabeba nakala yake ya anwani. Ikielekezwa tu kwenye anwani ya sasa ya mnunuzi, akihama Hamburg kwenda Munich ankara ya mwaka jana nayo inahama, na mkaguzi ataiuliza. Kuna pia alama ya aina: posta au mlangoni. S.L.P. inatosha kwa barua, lakini kifurushi cha kupelekwa mlangoni kinataka mtaa na simu inayopokelewa.

Kama tayari una kolamu moja iliyojaa, tunaisafisha, ila tunatoza kwa rekodi na bei inazidi hizo siku tatu. Tuletee faili kama lilivyotoka kwenye mfumo. Usilifungue kwanza kwenye Excel "kuangalia tu" ukalisevu. Nayo inakula sifuri za mbele.