Mzee King naye aliwaita wazee

Kimara, Dar es Salaam

Mchungaji, ndugu yangu,

Bwana asifiwe. Barua yako imenifikia kwa mkono wa kijana wako mwenyewe, na humo ndani umemsema yeye kuanzia mstari wa pili hadi wa mwisho. Hakuifungua. Hajambo, anakula vizuri, tumempa chumba cha uani. Jumapili tulikwenda naye ibadani Magomeni kwa mwendokasi, akasimama njia nzima kwa kuwapisha kina mama wenye watoto. Malezi yenu yanaonekana.

Sasa hilo lako. Unaniomba nikusanye wazee wa huku tumkalishe chini, tumkataze kuacha kazi ya benki kwenda kuchunga kanisa changa la wavuvi huko Lindi. Umeandika kwamba wewe unaijua njaa ya mchungaji na yeye haijui. Nakuelewa. Nimekula mezani kwako enzi zile sadaka ilipokuwa debe la mahindi, na shule haikupokea ada kwa mahindi. Lakini kabla sijamwita mzee yeyote, nikusimulie habari za mzee mmoja aliyefanya hivyohivyo, tena Mbatisti mwenzetu.

Martin Luther King wa Marekani tunamfahamu wote. Mimi namkusudia baba yake. Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1899 kule Stockbridge, Georgia, katika familia iliyolima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, na hesabu ya mgao akiifanya mwenye shamba. Shule aliionja tu. Alipoingia Atlanta alikuwa kijana mzima, tayari anahubiri. Wakampima, wakamkuta ni wa darasa la tano, naye akakubali kusoma na watoto. Hakuishia hapo, alikwenda hadi Chuo cha Morehouse, akamaliza mwaka 1930. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1926, alimwoa Alberta, binti wa mchungaji wa Ebenezer Baptist Church, wakajaliwa watoto watatu: Christine, Martin na Alfred Daniel. Baba mkwe alipofariki mwaka 1931, washirika wakamwita yeye. Akakaa hadi 1975.

Miaka 44 mimbari moja! Wewe unaijua taabu yake, maana sisi hatuna askofu wa kumkinga mchungaji wala wa kumhamisha. Washirika humwita, na wakimchoka humwondoa kwa kikao cha jioni moja. Huyu aliikuta Ebenezer katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, waumini hawana kazi, akaishikilia.

Jina lake la kwanza lilikuwa Michael, na mwanawe vilevile. Mwaka 1934 alikwenda Berlin kwenye mkutano wa Wabatisti wa dunia, na baada ya safari ile majina yao wote wawili yakageuka kuwa Martin Luther. Mbatisti, tunaobatiza watu wazima tu, kujiita kwa jina la mwanzilishi wa Ulutheri, mtu aliyebatiza watoto wachanga! Majirani zako Walutheri usiwaambie, watakutania hadi Pasaka.

Nyumbani alikuwa mkali, na kiboko kilifanya kazi. Lakini watoto wake walimwona pia akiwa nje ya nyumba. Siku moja alimpeleka Martin, akiwa bado mdogo, duka la viatu. Mwuzaji akawaambia wahamie viti vya nyuma ndipo awahudumie, kwa kuwa ni weusi. Mzee akajibu kwamba watanunua wakiwa wamekaa palepale au hawanunui kabisa, akamshika mtoto mkono wakatoka bila viatu. Siku nyingine askari wa barabarani alimsimamisha akamwita kama anavyoitwa mtoto wa kutumwa. Mzee akamwonyesha Martin aliyeketi kando yake: mtoto ni huyu, mimi ni mtu mzima, na usiponiita hivyo sikusikilizi. Hayo kayasimulia Martin mwenyewe alipokua. Sasa mtoto aliyekulia kando ya baba wa namna hiyo, ulitarajia awe mtu wa kukaa kimya?

Baba alikuwa na mipango yake. Alitaka Martin akimaliza masomo arudi Ebenezer, wahudumu pamoja. Martin akachagua kanisa la Dexter Avenue huko Montgomery, Alabama, mwaka 1954. Desemba mwaka uliofuata weusi wa mji ule wakaanza kuyagomea mabasi yaliyowabagua, mchungaji wao kijana akiwa mbele. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba yake ikarushiwa bomu, mke na mtoto mchanga wakiwa ndani, Mungu akawaepusha. Mwezi uliofuata mahakama ikawafungulia mashtaka viongozi wa mgomo. Martin alikuwa Nashville kufundisha, akapitia Atlanta kuchukua mke na mtoto arudi akakamatwe na wenzake.

Hapo ndipo mzee akafanya unachotaka nikifanye. Aliita watu wazito wa Atlanta nyumbani kwake, akiwamo Benjamin Mays, mkuu wa Morehouse, mwalimu ambaye Martin alimheshimu sana. Akawaeleza kwamba kurudi Montgomery ni kujitakia kifo, wengi wakamwunga mkono. Martin akawajibu kwa adabu kwamba ni afadhali afungwe miaka kumi kuliko kuwaacha watu wake sasa. Mzee akalia mbele ya wageni wake. Sebule ikawa kimya, mpaka Mays akasema kijana yuko sahihi. Na wazee walioitwa kumzuia wakaanza kupiga simu kumtafutia mawakili.

Asubuhi yake wakaondoka kwa gari kwenda Montgomery, na baba yake alikuwemo ndani ya gari. Ndugu yangu, mimi hapo ndipo ninapomheshimu yule mzee kuliko pale dukani. Dukani alikuwa anatetea heshima yake mwenyewe, na hasira ilimsaidia. Hapa alikuwa ameshindwa hoja sebuleni kwake, na hofu yake haikupungua hata kidogo, lakini akapanda gari.

Na hofu yake haikuwa ya bure, sitakudanganya. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin akauawa Memphis. Mwaka uliofuata Alfred Daniel, mchungaji naye, akakutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea. Na Jumapili ya 30 Juni 1974, humo humo Ebenezer, kijana wa miaka 23 akampiga risasi Mama Alberta akiwa kwenye kinanda anapiga Sala ya Bwana. Shemasi mmoja akafa naye. Mahakama ilimhukumu yule kijana kifo, familia ikapinga asinyongwe, na baadaye adhabu ikawa kifungo cha maisha. Mzee alisema wazi kwamba wako watu wawili anaotazamiwa kuwachukia, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na yeye hamchukii yeyote kati yao. Mimi sijui kama ningeweza. Namshukuru Mungu hajanipima hapo.

Baada ya hayo yote mtu angemsamehe kama angejifungia ndani. Hakujifungia. Mwaka 1976 alimpigania Jimmy Carter, Mbatisti mwenzake wa Georgia, alipogombea urais. Mwaka 1983 aliona siku ya kumbukumbu ya mwanawe ikipitishwa kuwa sheria ya nchi. Alifariki tarehe 11 Novemba 1984, mwezi mmoja na siku chache kabla hajatimiza 85, akazikwa Atlanta kando ya mkewe.

Lindi si Montgomery. Hakuna atakayemrushia bomu. Kitakachomsumbua kijana wako ni kodi ya nyumba na samaki wasiopatikana. Kwa hiyo wazee sitawaita. Wakija watamwuliza kama ana wito, na wito anao, tumemsikia akifundisha vijana Jumapili. Swali la atakula nini ni lako wewe uliyeishi huko, nawe ndiye unayejua majibu ambayo sisi hatuyajui: kulima msimu gani, kukubali nini na kukataa nini kwa washirika, namna ya kumwambia mke kwamba mwezi huu hakuna. Paulo alishona mahema. Huyu ana elimu ya hesabu, hata vyama vya akiba vya wavuvi vitamhitaji. Mimi na mama watoto tutalipa kodi yake ya miezi sita ya kwanza. Shemeji mwambie asilie, au alie akiwa anafunga mizigo.

Ataondoka mwisho wa mwezi. Panda basi la usiku, ushukie stendi ya Magufuli pale Mbezi, nitakuja kukupokea, halafu mtakwenda naye Lindi pamoja ukaone hilo kanisa lenyewe. Na usije mikono mitupu: mchele wa Kyela tunaouziwa huku una jina tu, harufu hauna. Debe moja litatosha.

Wako katika Bwana,
Rafiki yako wa Kimara