Barua kwa Koku: soma kilichoandikwa, usiongeze

Bukoba

Mwanangu Koku,

Shikamoo yako baba yako alinifikishia, marahaba mwanangu. Huku hatujambo, mvua zimeanza vizuri na migomba ya upande wa chini imepona ule upepo. Hofu yetu ni juu yako wewe uliye mbali.

Uliposema umeitwa kwenye mtihani wa mchujo wa ile benki nilifurahi sana. Ila ukaongeza kwamba mitihani ile ya mantiki ni ya waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea, na kwamba wewe unakwenda kushiriki tu. Neno hilo limenikaa moyoni. Kwenye simu sikutaka tubishane, salio lenyewe lilikuwa linakwisha, nikaona heri nikuandikie. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili nakuhakikishia linajifunzika. Nimeona watoto waliokuja kidato cha kwanza hawajui kuunganisha kauli mbili wakatoka kidato cha nne wanamsahihisha mwalimu.

Ujue kwanza kwa nini wanakupa mtihani badala ya kukuita moja kwa moja ukajieleze. Ni wingi wa watu. Mwaka 2014 Uhamiaji waliita vijana kwenye usaili wa nafasi 70, wakajaa Uwanja wa Taifa zaidi ya elfu kumi. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, walitangaza nafasi 1,596, na maombi yakapita laki moja. Hakuna jopo litakaloweza kumsikiliza kila mmoja. Jeshi la Marekani lilikutwa na shida hiyohiyo mwaka 1917 lilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia na kutakiwa kuwapanga askari wapya haraka. Wanasaikolojia chini ya Robert Yerkes wakatunga maswali mafupi ya kuchagua jibu, na hadi vita vinakwisha walikuwa wamepimwa watu zaidi ya milioni moja na nusu. Mitihani unayoiogopa ni vitukuu vya karatasi zile. Kazi yake ni kupunguza umati kwa muda mfupi. Malezi yako na utu wako haiyajui, kwa hiyo usiiruhusu ikupe hukumu juu ya hayo, ukifaulu wala ukishindwa.

Sasa njoo kwenye kiini. Utapewa aya fupi, kisha madai kadhaa, na kila dai utalijibu kwa moja kati ya majibu matatu: kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana kutokana na aya. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Shuleni mlizoeshwa kwamba mwanafunzi hodari ana jibu la kila swali, na anayesema "sijui" anabaki amesimama wenzake wakiketi. Mtihani huu unamlipa anayejua mpaka wa anachokijua. Ukilielewa hilo moja, nusu ya kazi umeimaliza.

Chukua mfano wa nyumbani. Aya inasema: "Kahawa yote ya Tanzania hulimwa Kilimanjaro. Kiwanda hiki kinatumia kahawa ya Tanzania pekee." Dai: kahawa ya kiwanda hiki imetoka Kilimanjaro. Wewe mtoto wa Kagera, uliyeanika buni uani tangu hujaanza shule, damu itakuchemka. Utakumbuka Mbinga, utakumbuka Mbozi, utataka kuandika si kweli. Jibu ni kweli. Aya imesema yote, na kwa dakika ile ya mtihani aya ndiyo dunia nzima. Hawakuulizi kahawa inalimwa wapi. Wanakuuliza nini kinafuata ukishakubali yaliyoandikwa. Kadiri unavyoijua mada ndivyo hatari inavyozidi, maana kichwa kinakimbilia kumbukumbu badala ya kusoma. Ukipata aya inayohusu mikopo au uhasibu, mambo uliyoyasomea chuo, hapo ndipo uwe makini maradufu.

Mtego mwingine ni wa sababu. "Kampuni ilifungua ghala jijini Tanga mwaka 2019. Tangu mwaka huo gharama zake za usafirishaji zimeshuka." Dai: ghala ndilo lililoshusha gharama. Haiwezi kujulikana. Huenda mafuta yalishuka bei, huenda walibadilisha magari, huenda ni ghala kweli. Aya imetaja mambo mawili yaliyofuatana kwa wakati, na kufuatana si kusababishana. Watunzi wa mitihani wanalipenda swali la aina hii kwa sababu benki zenyewe hupoteza fedha kwa kosa hilo: mteja anasema mauzo yamepanda tangu afungue duka la pili, ofisa mkopo anaidhinisha, kumbe ulikuwa msimu wa sikukuu.

Angalia pia maneno ya kiasi: wote, baadhi, hakuna, pekee. "Wafanyakazi wote wa tawi la Moshi wamepata mafunzo ya mikopo. Neema amepata mafunzo ya mikopo." Je, Neema ni wa tawi la Moshi? Haiwezi kujulikana, huenda Arusha nao walifundishwa. Lakini aya ikisema wafanyakazi wa Moshi pekee ndio waliopata mafunzo, hapo Neema ni wa Moshi. Neno moja limegeuza jibu lote. Na "baadhi" katika mantiki maana yake ni angalau mmoja. Ukiambiwa baadhi ya wateja wamelipa, usiongeze mwenyewe kwamba wengine hawajalipa. Mitaani tunaelewana hivyo, kwenye mtihani haimo.

Kauli za namna hii usizibebe kichwani, zichore. Duara moja la wafanyakazi wa Moshi, liweke ndani ya duara kubwa la waliofundishwa, kisha jiulize Neema anaweza kukaa wapi. Akiweza kukaa zaidi ya mahali pamoja, hujui, na jibu lako ni lile la tatu. Mwingereza John Venn aliandika juu ya michoro hiyo mwaka 1880, na mpaka leo sijaona njia iliyo nyepesi kuliko hiyo. Omba karatasi ya kuchorea. Mtihani ukiwa wa kompyuta, iweke mezani kabla saa haijaanza kuhesabu.

Kauli za "ikiwa" nazo nitazikalia kidogo, maana hata wenye shahada kubwa wanateleza hapo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alitunga swali la kadi nne mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zinazoonekana ni E, K, 4 na 7. Kanuni ni hii: ikiwa kadi ina irabu upande mmoja, basi upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze kujua kama kanuni imefuatwa? Wengi hugeuza E na 4. Jibu sahihi ni E na 7. Ile 4 haina la kutuambia, maana kanuni haikusema kwamba namba shufwa lazima iwe na irabu. Ile 7, ikikutwa na irabu nyuma yake, kanuni imevunjika.

Kama limekukoroga, panda daladala. Kanuni: ikiwa abiria amelipa nauli ya mwanafunzi, basi lazima awe na sare. Konda ana watu wanne. Mmoja kamuona akitoa nauli ya mwanafunzi ila nguo zake zimefunikwa na msongamano. Wa pili katoa nauli ya mtu mzima. Wa tatu amevaa sare. Wa nne yuko na nguo za kawaida na konda hajaona ametoa kiasi gani. Konda anashughulika na nani? Yule wa kwanza na yule wa nne, bila hata kufikiri. Mwenye sare akilipa nauli kamili hakuna kanuni iliyovunjwa. Ni swali la Wason lilelile. Mwaka 1982 watafiti wa Florida, Griggs na Cox, walilipima kwa kanuni ya umri wa kunywa pombe, na watu walioshindwa na herufi na namba wengi wao wakapatia. Kwa hiyo mwanangu, ukikutana na "ikiwa" iliyo kavu, ivalishe watu unaowajua. Na kumbuka njia mbili zilizo salama: ukiwa na sehemu ya kwanza unapata ya pili, ukikosa ya pili, umekosa na ya kwanza. Nyingine zote ni kubahatisha.

Maswali ya maumbo, yale ya kutafuta mchoro unaokosekana kwenye jedwali, hayana maneno mengi. Yalipata umaarufu tangu John Raven atoe mitihani yake ya maumbo mwaka 1938, na siri yake ni kutazama sifa moja kwa wakati: idadi ya vitu, kisha rangi, kisha upande yanakogeukia, kisha mahali yalipokaa. Soma mstari kwa mlalo, ukikwama shuka wima. Ukiona mistari inatokea na kupotea, jaribu kulalisha umbo la kwanza juu ya la pili, mara nyingi kilichojirudia kinafutika katika la tatu. Namba vivyo hivyo, toa tofauti zake kwanza: 3, 5, 9, 17, 33, tofauti ni 2, 4, 8, 16, basi inayofuata ni 65. Zikipanda na kushuka ovyo, kama 2, 30, 4, 27, 6, 24, pengine ni mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. Hapo inafuata 8.

Muda ndio utakaokubana. Mitihani mingi ya kompyuta inakupa kama dakika moja kwa swali, mingine chini ya hapo. Kwa hiyo mazoezi yafanye na saa mbele yako. Siku za mwanzo fanya bila saa mpaka ujue kwa nini kila jibu ni jibu, halafu ndipo uwashe saa. Ukikosea swali usiishie kutazama jibu sahihi, tafuta ni neno gani kwenye aya uliliruka au uliliongeza, liandike daftarini. Baada ya wiki utaona kosa lako ni lilelile linajirudia, na hilo ndilo la kushughulikia. Soma maelekezo ya mwanzo kama unavyosoma mkataba: wapo wanaokata alama kwa jibu baya na wapo wasiokata. Kama hawakati, usiache swali wazi. Swali likikushika, chagua jibu uende mbele.

Mazoezi ya kununua usinunue. Kampuni kama SHL, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1977 na ambayo mitihani yake inatumiwa na waajiri wengi duniani, inaweka mifano ya bure kwenye tovuti yake, inatosha kuanzia. Wale wa magrupu ya WhatsApp wanaouza "maswali yenyewe ya usaili" wanawauzia vijana hofu yao. Mitihani mingi ya kompyuta huchota maswali kutoka kwenye hazina kubwa, jirani yako anaweza kupata tofauti na yako. Na usimruhusu mtu akufanyie, hata akiwa rafiki mwema kiasi gani. Waajiri wengi huwarudisha waliofaulu wafanye tena mbele yao. Lakini hata wasingerudia, nisingependa uingie kazini kwa mlango huo.

Kuhusu Kiingereza, una haki ya kulalamika, na sitakuambia si kitu. Aliyekizoea tangu utotoni anasoma aya haraka kuliko wewe. Ila aya za mtihani ni fupi na zinarudia maneno yaleyale ya kuunganisha. Yakusanye, andika maana ya kila moja kwa Kiswahili, yazoee mpaka yasikusimamishe. Kisha hoja yenyewe ifikirie kwa lugha yoyote unayotaka, hata Kihaya. Saa haijui unafikiri kwa lugha gani.

Siku ya mtihani usitegemee umeme wa chumbani. Nenda kwa shangazi yako Sinza, ana intaneti ya waya, na ununue bando la akiba kwenye simu. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kiwe pembeni, wengine wanaomba ukioneshe kwenye kamera. Kula chakula cha kweli, siyo chai kavu.

Nimekutungia maswali kwenye daftari, mdogo wako atayapiga picha akutumie kidogokidogo kila jioni. Anza na hili. Hakuna mvuvi anayelala mapema. Baadhi ya wanaolala mapema ni walimu. Je, ni lazima kuwe na mwalimu ambaye si mvuvi? Na je, ni lazima kuwe na mvuvi ambaye si mwalimu? Nitumie majibu yote mawili pamoja na mchoro wa maduara, maana jibu tupu sitalipokea.

Ni mimi mama yako